Madaftari Mawili ya Mama Filomena

Ninyi mnaokaa sasa kwenye dirisha la dawa mna viti vya kuzunguka na kompyuta. Mimi nilikuwa na stuli ya mbao, sahani ya bati na kisu cha mezani kisicho na makali. Kisu kilikuwa cha kuhesabia. Unamwaga vidonge kwenye sahani, unavivuta kwa kisu vitano vitano, hukosei. Mpaka leo nikichambua maharage nyumbani navuta matano matano, na mke wangu ananiuliza mgonjwa ni nani.

Nilikaa kwenye dirisha hilo miaka ishirini na tisa, katika zahanati moja hapa Majengo. Shule yangu ni darasa la saba na kozi fupi. Niliajiriwa kufagia, nikaishia kutoa dawa, kwa hiyo msitegemee nitawafundisha kemia. Binti wa kaka yangu, anayesomea kazi hii chuoni, ndiye aliyeniomba niwaandikie yeye na wenzake kuhusu kikohozi. Nikamuuliza kwa nini kikohozi na si malaria.

"Baba mdogo," akasema, "kila anayekuja dirishani anakohoa, na kila mmoja ameshameza kitu kabla hajafika."

Hapo nikaona binti ana macho.

Mtu akiumwa mguu watu humwambia pole, basi. Akikohoa, kila jirani anakuwa daktari. Huyu analeta tangawizi, yule asali ya Tunduru, mwingine anamfunika blanketi ajifukize majani ya mkaratusi mpaka atoke amelowa kama kuku wa mvua. Akimaliza hayo anakwenda duka la dawa, ananunua zile kapsuli za rangi mbili, nne tu, kwa sababu jirani alipona kwa nne. Akifika kwako amechoka, amekasirika, na anataka chupa. Kidonge hakitaki. Dawa ya kifua kwake ni ya maji, na iwe chungu, la sivyo unamdanganya. Alikuja mzee mmoja nikampa chupa asubuhi, saa tisa akarudi nayo tupu. Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, nimeona nimalize ugonjwa mara moja." Alilala usingizi mzito pale kwenye benchi letu, na tukamwangalia mpaka alipoamka. Kikohozi kilikuwa palepale.

Mtu wa kunifundisha alikuwa Mama Filomena. Alikuwa muuguzi mkunga, mfupi, miwani yake ameifunga kwa uzi wa kushonea viatu, na funguo za stoo ya dawa zilikaa kiunoni kwake. Kila nilichokuja kukijua kilitoka kwake, na yeye hakuwa mpole katika kufundisha.

Nilikuwa naandika kwenye bahasha ya dawa kama wanavyoandika wote, moja, alama ya kuzidisha, tatu. Mkulima wa tumbaku kutoka njia ya Namtumbo akameza vidonge vitatu kwa mpigo. Tukamwita. Akatuonyesha bahasha bila wasiwasi: "Moja mara tatu si tatu?"

Mama Filomena akanigeukia mbele ya foleni nzima. "Mzee amefaulu hesabu. Wewe ndiye umefeli."

Tangu siku hiyo nilichora. Jua linachomoza, jua la utosini, mwezi. Chini ya kila picha vidoti, kidoti kimoja ni kidonge kimoja. Mwezi wa Ramadhani, kwa wateja wetu Waislamu, nilichora sahani ya futari na sahani ya daku, baada ya kuhakikisha kwa daktari kwamba dawa yenyewe inaruhusu kupangwa hivyo. Wakaguzi walicheka michoro yangu, lakini vidonge vilimezwa.

Kuhusu makohozi. Mtu akikohoa wiki mbili hakuna maneno mengi, apewe kikopo. Lakini ukimpa kikopo bila maelezo atakuletea mate. Mwambie ni asubuhi kabla ya kula, atoke nje penye hewa, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka chini kabisa. Mwonyeshe. Usione aibu, kohoa mbele yake. Kulikuwa na fundi baiskeli wa Mfaranyaki aliyeleta kikopo kizuri mno, majibu yakatoka hana kitu, na yeye anazidi kukonda. Tukarudia, hana kitu. Mara ya tatu Mama Filomena akamkalisha chini.

"Fundi, haya makohozi uliyatoa saa ngapi?"

"Mama, kusema kweli asubuhi nakuwa na haraka ya kufungua banda. Nilimwambia mama watoto anisaidie."

"Akusaidie kukohoa?"

"Ndiyo. Yeye anaamka mapema."

"Na ukiandikiwa sindano, atachomwa yeye?"

Tulicheka, naye akacheka huku akishika mbavu. Siku iliyofuata alikohoa mwenyewe mbele yetu. Alikuwa na kifua kikuu. Akameza dawa miezi sita bila kuruka, na akapona kabisa. Sijui mkewe alisemaje.

Nimesimulia ya wengine. Sasa la kwangu, kwa kuwa nisipoliandika hili hayo ya juu ni kuchekesha tu.

Mnajua mgonjwa wa kwetu anakuja na daftari lake. Lile lile la shule, analinunua duka la ng'ambo ya barabara, na daktari anaandika humo. Madaftari hayo yalinikera. Yalikuja yamelowa mafuta, yamechanika, ukurasa huu homa ya mtoto, ukurasa ule presha ya bibi, katikati orodha ya mahitaji ya sokoni. Nikabuni utaratibu. Kila ugonjwa wa kudumu uwe na daftari lake. Presha daftari lake, sukari lake, kifua lake. Na mimi nikayafunika kwa kurasa za kalenda za kanisa zilizopita wakati, maana hakuna anayekalia daftari lenye picha ya kanisa. Watu wakapenda. Kliniki ya presha kule hospitali kubwa wakapenda pia, vipimo vyao vimepangika bila kuchanganywa na mafua. Wakubwa walipokuja kukagua walinisifu mbele ya wenzangu, na nisiwafiche, jioni ile nilimsimulia mke wangu mara mbili.

Mama Filomena alikuwa ameshastaafu, anaishi Mfaranyaki na kuku wake. Uzeeni alipata presha. Akawa anahudhuria kliniki hospitali kubwa, na daftari lake la presha nililifunika mimi, kwa picha nzuri kuliko zote. Kisha akaanza kukohoa, akaja kwetu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Kastori. Nina kikohozi cha kijinga. Hakina makohozi, hakina homa, kinanitekenya tu hapa." Akagusa koo. Akatoa daftari la presha.

Nikalisukuma kwake. "Mama, hili la kliniki tusilichafue. Kifua kipe daftari lake."

"Umekuwa bwana mkubwa," akasema, lakini akavuka barabara akanunua jipya. Nikalifunika palepale. Daftari la presha likarudi ndani ya mfuko, na kwetu halikuonekana tena kwa miezi saba.

Miezi hiyo saba tulimpa kila tulichonacho. Dawa ya maji. Amoksilini. Vile vidonge vitatu vya kumeza kimoja kimoja kwa siku tatu. Pampu ya kuvuta, labda ni pumu. Makohozi alijaribu kuyatoa kwa shida, mashine ikasoma mara mbili hakuna kifua kikuu, na picha ya kifua ikatoka safi. Kikohozi kikaendelea, zaidi akilala chali au akiongea sana. Kwenye jumuiya yao yeye ndiye aliyekuwa akiongoza rozari. Akawa anaanza fungu, analikatiza njiani, mwingine analipokea. Kisha watu wakaanza kukaa benchi la pili. Walihama tu, mmoja mmoja. Akaacha kwenda, akasema ni miguu.

Lakini jambo lililomuumiza lilikuwa la mwanawe. Restituta, kitinda mimba wake, ameolewa Mbesa kule Tunduru kwa kijana Mwislamu, mkulima wa korosho. Miaka minne ya ndoa hakupata mtoto. Sasa alikuwa na mimba ya miezi sita. Na kwetu uzazi wa kwanza binti anarudi kwa mama yake. Anajifungulia kwao, analelewa siku arobaini, anakandwa, anakunywa uji wa mama, anafundishwa kumshika mtoto. Mama Filomena alikuwa ameshanunua beseni na khanga doti tatu.

Nilikuwa nyumbani kwake siku mama mkwe wa Resti alipopiga simu. Mama Filomena masikio yalikuwa mazito, kwa hiyo simu yake iliongea na mtaa mzima.

"Hujambo, mama mwenzangu?"

"Sijambo, Bi Somoe. Habari za Mbesa?"

"Njema, alhamdulillahi. Korosho zimeanza kuanguka. Na mtoto wetu mzima. Mama mwenzangu, nasikia bado unakohoa."

"Vumbi tu hili."

"Vumbi la miezi saba?"

Mama Filomena akajaribu kuzuia kikohozi. Akashindwa. Alikohoa kwa muda mrefu, na Bi Somoe akasubiri mpaka mwisho.

"Usinichukie," akasema Bi Somoe. "Kifua kilinichukulia mdogo wangu, na kitoto chake kichanga kikafuata. Niliwazika wote wawili kutoka nyumba moja. Resti nampenda. Atajifungulia huku, hospitali ya misheni ipo. Wewe ukipona utakuja kumwona."

Simu ilipokatika Mama Filomena alibaki ameishika. "Kastori," akasema, "nimezalisha watoto wa watu mpaka nimesahau idadi. Wa kwangu nitaletewa picha kwenye simu."

Nilitazama kuku.

Nitaje hapa kwamba Mama Filomena hayupo tena. Alifariki mwaka juzi, kwa moyo, wala si kwa kifua. Msibani nilipewa kazi ya kusimamia sahani, nikazisimamia. Watu wengine walilia wakasimulia mazuri yake, mimi nilihesabu sahani tano tano. Bado napita Mfaranyaki kwa bodaboda na ninapokaribia ile kona ya nyumbani kwake namwambia kijana aendeshe taratibu. Hajawahi kuniuliza sababu, nami simwambii. Nimeridhika na maisha yangu, na kazi hii nimeifurahia, ila kuna asubuhi nikikuta jambo la kuchekesha natafuta mtu wa kumpelekea, halafu nakumbuka.

Turudi kwenye madaftari.

Daktari wetu alikuwa binti mdogo, Dokta Neema, mwangalifu sana. Alipoona kila kitu kimeshindikana, akasema pengine wiki ijayo aanzishiwe dawa za kifua kikuu kwa kukisia, ingawa vipimo vimekataa. Hakupenda, lakini hakuona njia nyingine. Mama Filomena alikubali. Alijua pia kwamba siku atakayoanza dawa hizo, habari itafika Mbesa kabla ya basi, na tumaini lililobaki la Resti kuja litakwisha.

Akaja dirishani na daftari la tatu. Jipya.

"Nifunikie na hili. Kifua kikuu nacho kipewe nyumba yake."

Kalenda ilikuwa imebaki ukurasa mmoja tu, nikataka kupima karatasi nione kama itatosha. Nikamwambia atoe yale mengine nipimie. Akamwaga mfuko wote kwenye kaunta yangu: madaftari mawili, miwani ya akiba, rozari, boksi la vidonge vya presha. Ndipo kwa mara ya kwanza nikayaona madaftari yote mawili yamefunguliwa pamoja. Kwenye la presha, mwezi wa tatu walimbadilishia dawa. Kwenye la kifua, ukurasa wa kwanza kabisa, mwezi wa nne.

Nisiwadanganye kwamba niligundua. Sikugundua. Niliona tu miezi miwili imefuatana, nikakosa raha, kama unapohesabu vidonge na kisu kikabaki na kimoja cha ziada.

Nikachukua lile boksi. Ndani ya maboksi ya dawa kuna karatasi ya maelezo, nyembamba, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama stempu. Sisi zile karatasi tulikuwa tunazichukua nyumbani kuwashia jiko la mkaa. Zinashika moto vizuri sana. Nikaikunjua. Kiingereza kitupu, herufi za mchwa. Kiingereza changu ni kidogo, ila neno lao la kikohozi nalijua, kwa sababu limeandikwa kwenye kila chupa ya dawa ya kifua niliyowahi kushika. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari nikilitafuta hilo moja. Foleni ikaanza kulalamika.

"Baba, dawa au unasoma barua?"

Nikalipata. Liko kwenye sehemu ya madhara ambayo dawa inaweza kuleta. Nikamsukumia Mama Filomena karatasi, kidole kikiwa palepale. Akavaa miwani, akasoma, yeye Kiingereza alikuwa nacho. Akasoma tena.

"Kastori. Hii imeandikwa hapa siku zote?"

"Inaonekana hivyo, Mama."

"Na sisi tunawashia mkaa." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, akakohoa akicheka mpaka watu wa foleni wakarudi nyuma.

Tukaingia kwa Dokta Neema. Alitazama boksi, akashika paji la uso. "Mama yangu, mbona hukuniambia unameza hii?"

"Mwanangu, ulifungua daftari la kifua ukaniuliza ya kifua. Nikakujibu ya kifua."

Wakabaki wanatazamana. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa ananitazama.

"Ni mimi, Dokta," nikasema. "Yeye alikuja na la presha siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyelirudisha kwenye mfuko."

Mama Filomena hakunitetea wala hakunilaumu. Tulipotoka nje akasema, "Nilikufundisha kuhesabu. Kuuliza sikukufundisha vizuri. Basi tumekosa wawili." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini mimi sikupata usingizi mzuri kwa siku kadhaa. Nilikuwa nimefunika madaftari ya watu wengi. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama kuna mwingine niliyemficha hivyo.

Sikilizeni hapa vizuri. Dokta hakumwambia aache vidonge vya presha. Alimkataza kabisa kuacha mwenyewe, kwa sababu presha ikipanda inaua kabla ya kikohozi. Aliandika barua, kesho yake kliniki ya presha wakambadilishia dawa ya aina nyingine. Akasema pia kikohozi cha namna hii hakiondoki siku hiyo hiyo. Kinaweza kuchukua wiki kadhaa, hata zaidi ya mwezi. "Na kisipoondoka," akasema, "tunaanza upya kuangalia kifua. Sina uhakika." Nilimheshimu sana kwa maneno hayo mawili ya mwisho.

Tukaanza kungoja. Mama Filomena aliweka kikombe dirishani, kila akikohoa anatia punje ya mahindi. Mimi napita jioni, namwaga, nahesabu. Wiki ya kwanza hakuna nafuu. Wiki ya pili punje zilizidi, akanitazama kwa jicho baya kana kwamba nimezitia mimi. Wiki ya tatu zikashuka nusu. Wiki ya tano nikakuta kikombe kitupu.

"Mama, kuku wamekula?"

"Kuku wamelala njaa," akasema, na uso wake ulikuwa wa msichana.

Akampigia Bi Somoe. Bi Somoe akasikiliza yote, dawa ya presha, karatasi, madaftari, akasema hajapata kusikia dawa inayoleta ugonjwa. "Nitamleta Resti mwenyewe. Nitakaa siku moja nisikilize kwa masikio yangu. Nikisikia kifua, tunarudi na basi la asubuhi."

Wakaja. Resti mimba imeshakuwa miezi minane, anatembea akishika kiuno. Bi Somoe alikuwa mwanamke mrefu, ushungi mweupe, mkononi kifurushi cha korosho. Mimi niliitwa niwepo kama shahidi. Alisalimia kwa adabu, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na kila Mama Filomena alipofungua mdomo alimtazama kooni. Mama Filomena akakimbilia jikoni, akasema anapika uji wa pilipili manga, ule wa wazazi, Bi Somoe auonje ajue binti atakunywa nini.

Bi Somoe akanigeukia. "Wewe ndiye mtoa dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Niapie kwamba si kifua kikuu."

Resti akanitazama. Macho yale sitayasahau. Kulikuwa na njia rahisi, neno moja tu.

"Siwezi kuapa," nikasema. "Mimi si daktari. Ninachokijua nitakueleza. Amepimwa mara mbili hana, picha ni safi, dawa ilibadilishwa na kikohozi kimekwisha. Na nikueleze hili pia. Miezi saba alikuwa anakohoa mbele yangu na jibu lilikuwa ndani ya mfuko wake, na mimi ndiye niliyesema mfuko ubaki umefungwa. Kwa hiyo usiniamini mimi. Sikiliza mwenyewe kama ulivyokuja kusikiliza."

Akageuza uso kuelekea jikoni. Nikajua nimeharibu.

Jikoni mchi ulikuwa unagonga kinu. Ghafla ukanyamaza, na Mama Filomena akakohoa.

Bi Somoe akainua kidole. Tukasikiliza wote. Akakohoa tena, mara mbili mfululizo. Resti akainamisha kichwa. Bi Somoe akasimama bila haraka, akakusanya ushungi wake, akaenda mpaka mlango wa jikoni, nami nyuma yake. Mama Filomena alikuwa amesimama na mchi mkononi, macho yamejaa machozi, hawezi kusema.

"Unatwanga nini?" akauliza Bi Somoe, akainama juu ya kinu kutazama.

Alivuta pumzi moja tu. Kisha alikohoa kikohozi ambacho sijawahi kukisikia katika miaka yangu yote dirishani. Alikohoa akishika ukuta, ushungi ukaanguka, akapiga chafya, akakohoa tena. Mama Filomena akaweka mchi chini, akampigapiga mgongo polepole kama mtu mwenye ujuzi wake.

"Pole, mama mwenzangu. Kifua hicho umetoka nacho Mbesa?"

Nilidhani tumekwisha. Bi Somoe akajifuta macho kwa pindo la khanga, akamtazama, mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Resti naye akaja akishika tumbo, akacheka bila kujua kilichotokea.

Lakini Bi Somoe hakuwa mtu wa kuhongwa kwa kicheko. Alivuta kigoda akakaa palepale jikoni. "Tungoje," akasema. Tukangoja. Unga ukakorogwa, maji yakachemka, pilipili ikatiwa, moshi wa kuni ukapita, na Mama Filomena akaongea muda wote ule, juu ya kuku, juu ya bei ya mchele, juu ya Resti alivyozaliwa kwa miguu. Aliongea kama mtu aliyenyimwa maneno kwa miezi, na hakukohoa.

Bi Somoe akapewa uji wake kwenye kikombe. Akapuliza, akaonja, akakunja uso.

"Pilipili imezidi."

"Ndicho kipimo chetu."

"Mpunguzie Resti, hajazoea." Akanywa tena kidogo. "Mimi kesho narudi, korosho haziningoji. Nitakuja siku ya arobaini."

Mama Filomena aligeuka akaanza kukoroga sufuria ambayo alikuwa ameshaiteremsha.